Glasi ya Mama Mkwe

Siku waliyokuja kumchukua Laras nilimsuka nywele mara mbili. Mara ya kwanza alipendeza kupita kiasi, nikafumua, nikaanza upya polepole. Mtoto wa miaka mitano hana subira ya kukaa hivyo, lakini siku ile alitulia katikati ya magoti yangu kana kwamba alijua mikono yangu inaiba muda.

"Budhe, unavuta," alilalamika. Budhe ndiye mimi, mke wa kaka wa mama yake.

"Sivuti, nakaza. Zisije zikafumuka njiani."

"Kwani nyumba ya mama ni mbali?"

"Si mbali. Ni hapo Klaten tu. Ila pikipiki ya baba yako inapenda upepo."

Shavu lake moja lilikuwa linanata. Nilijua alikotoka. Kwenye rafu ya jikoni kuna kopo la sukari ya mnazi, ile ya vipande vya duara, na Laras alikuwa amejifunza kupanda kiti kulifikia hata kabla hajajifunza kufunga vifungo vya gauni. Siku nyingine ningemgombeza. Siku ile nilimfuta tu shavu, nikajilamba kidole.

Aliletwa kwetu akiwa na miaka mitatu. Mama yake ni Tutik, dada mdogo wa mume wangu. Kwetu Java mke na mume wakikaa bila mtoto hadi majirani wakaanza kuwaonea huruma kwa sauti, ndugu huwapa mtoto wao wamlee. Huyo ndiye chambo. Kicheko chake ndani ya nyumba kinatakiwa kumvuta mtoto mwingine aje tumboni, kama samaki anavyovutwa. Mpango huo ulikuwa wa mama mkwe wangu, Bu Tumirah, na masharti yalikuwa yake pia.

"Chambo akiwa ndani, Nduk, binti yangu, hakuna habari za hospitali," aliniambia. "Bahati ukiionyesha kwamba huiamini, inanuna."

Na Bu Tumirah akisema bahati inanuna, unaiona kabisa imekaa barazani, mdomo umevutwa, inakutazama kwa jicho la pembeni. Basi nikangoja. Nilikuwa nimeshaolewa miaka minne, nikangoja mingine miwili juu yake. Nikampenda chambo. Samaki hakuja.

Tutik aliingia akiwa ameshikilia tumbo lake, mimba ya tatu hiyo, kwa mikono miwili kama aliyebeba tikiti maji la kuazima. Mtu ambaye hashiki mimba akikaa karibu na Tutik anaweza kudhani yule dada huambukizwa watoto kama mafua.

"Usinichukie, dada, Mbak Wening," alisema bila kunitazama. "Anaanza shule. Halafu Ibu, mama mwenyewe, kasema... miaka miwili imepita. Kama chambo hakivuti, labda tubadili."

"Tubadili chambo?"

"Sijui, Mbak. Ibu ndiye kasema."

Mume wangu, Mas Narso, alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka kiwandani mapema kwa ajili ya kumuaga mtoto, na bado alikuwa na masizi shingoni. Kazi yake ni kufua patu za shaba, yale maduara makubwa yanayoning'inizwa na kupigwa kwenye harusi na michezo ya vivuli. Mkono wake unaweza kukunja chuma, lakini siku ile ulishindwa kufunga zipu ya begi la mtoto. Alihangaika nayo hadi Laras akamwonea huruma akamfungia.

Tukatoka nje. Laras alipandishwa pikipiki katikati ya baba na mama yake, kofia imemzidi kichwa. Kisha akaigeuza shingo.

"Budhe, kwani mimi sikuvuta samaki?"

Tutik aliangalia chini. Baba yake Laras akajifanya anatafuta kitu kwenye injini.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Bu Karto wa dukani. Kasema mimi chambo, lakini samaki hakuja, ndiyo narudishwa."

"Bu Karto hajawahi kushika ndoano maisha yake yote," nikamwambia, nikimkaza mkanda wa kofia. "Hajui lolote. Wewe si chambo, Laras. Wewe ndiye samaki mwenyewe."

Akafikiri, akaridhika. Watoto huridhika haraka. Pikipiki ikaondoka, na Mas Narso akabaki amenyanyua mkono hata barabara ilipokuwa imebaki na kuku tu.

Tulikuwa ndio tumeingia ndani Bu Tumirah alipofika. Hakuja kuaga mjukuu. Alingoja aondoke kwanza, nami namjua, hawezi kuona mtoto akilia. Alikuja kama alivyokuja kila alasiri, kapu la chupa limefungwa mgongoni kwa kitambaa cha batiki, hatua fupi fupi, harufu ya manjano ikimtangulia.

Mama mkwe wangu ni muuza jamu, dawa za mizizi na majani, tangu hajaota meno ya utu uzima. Sokoni kwetu Sukoharjo mwanamke akitaka mtoto haulizi duka la dawa, anauliza kapu la Bu Tumirah. Waliojifungua humletea kuku. Kuna wakati banda lake lilijaa kuku wa shukrani hadi wakawa wanalala juu ya paa. Sasa niambie, mwanamke wa namna hiyo ana mkwe mmoja tu wa kike, na mkwe huyo ndiye mimi, tumbo langu bapa kama ubao wa kupigia pasi. Watu wa soko wana midomo. Bu Tumirah alisikia yote, akaongeza dawa.

Alishusha kapu, akafungua chupa, akamimina. Ilikuwa na rangi ya matope ya mto baada ya mvua.

"Kunywa, Nduk. Leo nimezidisha majani ya tambuu."

Mas Narso alikwenda kwenye rafu ya jikoni bila kuambiwa. Ndivyo tulivyozoea. Mimi nikikunja uso na kumeza, yeye ananipa kipande cha sukari ya mnazi, anakiweka mwenyewe kati ya midomo yangu, kidole chake kinabaki hapo kidogo. Miaka sita. Sitadanganya, kuna siku nilikunywa ile dawa kwa ajili ya kidole kile.

"Sinywi, Bu," nikasema.

Alidhani hakusikia. "Bado ya moto?"

"Imepoa. Ila sinywi."

"Una huzuni ya mtoto. Kunywa, utalala vizuri."

"Nataka kwenda kwa daktari. Mimi na Mas. Wote wawili."

Bu Tumirah akacheka, kicheko cha kupita tu. "Daktari! Binti mdogo kama wewe? Mimi Tutik nilimpata nina thelathini na sita."

"Mimi mwezi ujao natimiza thelathini na tano, Bu. Nilimuuliza Ningsih wa kituo cha afya. Kasema aliye chini ya umri huo akijaribu mwaka mzima asipate, aende. Akishaufikia asingoje hata mwaka, nusu yake inatosha. Mimi nimengoja sita. Alishika kichwa nilipomwambia."

"Ningsih! Ningsih hata mume hana. Anajua nini habari za watoto?"

"Daktari wa meno naye yake hayajaoza, Bu, lakini anang'oa ya watu."

Ningekuwa na hali nzuri ningecheka mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Bu Tumirah alikaa kwenye kiti cha mianzi, akaanza kuvikaza vizibo vya chupa zake, kimoja kimoja, ingawa vyote vilikuwa vimekazwa.

"Unajua ile foleni ya hospitali inakaa wapi?" alisema. "Inakaa nje, barabarani. Kila anayekwenda sokoni anaipita. Mkwe wa Bu Tumirah amekaa pale na kadi mkononi. Nani atanunua tena glasi yangu? Zaidi ya miaka hamsini nimebeba kapu hili. Nimewasomesha wawili kwa mgongo huu."

"Najua, Bu."

"Hujui."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa bado ameshika kopo la sukari.

"Mas, sema kitu."

"Tungoje kidogo, Wening," alisema, sauti yake ya taratibu, ile niliyoipenda tangu siku ya kwanza na ambayo siku hizi inanitia wazimu. "Mtoto kaondoka leo. Tumalizie kwanza oda ya Surabaya. Halafu tutaona."

Mas Narso ni bingwa wa halafu. Halafu ya baada ya sikukuu, halafu ya baada ya mavuno ya baba mdogo, halafu ya mvua zikikatika. Ukizipanga halafu zake zote, unajenga ukuta hadi Semarang.

"Mas," nikamwambia, "upatu ukitoka motoni, unajuaje kama una ufa?"

"Unaugonga. Unasikiliza."

"Huwezi kuuona kwa macho?"

"Mara nyingi huuoni. Unang'aa vizuri tu."

"Na fundi akiogopa kuugonga?"

Alinitazama. Macho yale, Mungu wangu, ya mtu anayejua mtego ulipo na bado anaingia. "Ataning'iniza ufa wake kwenye harusi ya watu."

"Miaka sita mnanigonga mimi peke yangu," nikasema. "Kila alasiri, kwa glasi. Wewe hujagongwa hata mara moja."

"Yeye agongwe kwa lipi?" Bu Tumirah alidakia. "Mwanangu mzima."

"Ningsih aliniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikamwambia anasimama mbele ya tanuri tangu alfajiri. Akasema joto kali la kila siku linaweza kudhoofisha mbegu za mwanaume. Apimwe, kasema, tena aanze yeye, kipimo chake ni chepesi kuliko vyangu vyote."

Masikio ya Mas Narso yakawa mekundu chini ya masizi. Kwetu mambo haya hayasemwi mbele ya mama mzazi. Nililijua hilo. Nilikuwa nimechoka kulijua.

Bu Tumirah akainuka. "Tanuri! Tanuri lile lile baba yake alisimama mbele yake maisha yake yote, na akanizalisha wawili! Mafundi wote wa kile kiwanda wana watoto hadi wa kugawa! Ingekuwa tanuri... Nisikilizeni mimi, si tanuri. Si tanuri kabisa!"

Aliposema hivyo mara ya pili, nadhani naye alijisikia. Mdomo ulibaki wazi.

"Ni nini basi, Bu?" Mas Narso aliuliza, polepole sana.

Kuku mmoja wa shukrani alipita uani. Bu Tumirah aliketi tena, safari hii kama mtu aliyeshushwa mzigo asioutua mwenyewe.

"Ulikuwa na miaka kumi na sita," alisema akiitazama chupa. "Ulipata matumbwitumbwi. Nilikupaka bluu ya kufulia mashavuni."

"Nakumbuka. Shuleni waliniita kasuku."

"Mashavu yalinywea. Kisha uvimbe ukashuka. Huko chini. Hukuweza kutembea, Le, mwanangu, ulilia kama mtoto mchanga na ukanikataza nisimwambie mtu. Mganga wa zahanati akaniita pembeni. Akasema wengi hupona na wanazaa vizuri, ila wapo ambao hawapati. Huyu akioa, kasema, apimwe mapema."

"Mapema," mume wangu alirudia.

"Baba yako alikuwa ametoka kufa. Nilikuwa na mwana mmoja tu wa kiume. Ningemwambia nani maneno yale?"

"Mimi. Ungeniambia mimi, Bu."

"Ungeoa?"

Mas Narso akaligeuza kopo la sukari mkononi.

Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Na mimi, Bu? Ulijua, na kila siku ukaniletea mimi. Kwa nini mimi?"

Bu Tumirah akainua uso. Sijawahi kumwona mzee vile.

"Kwa sababu wewe ungekunywa, Nduk."

Nilitaka kukasirika. Hasira niliitafuta, sikuipata mahali ilipokuwa imekaa muda wote ule. Badala yake nilikumbuka sherehe zote nilizokaa nyuma karibu na masufuria, shangazi wakinipapasa tumbo na kuuliza *bado?* kana kwamba nimechelewesha wali. Nilikumbuka nilivyojilaza nikilichukia tumbo langu, kiungo kisicho na kosa, nikikisemesha kama mtumwa mvivu. Na labda halikuwa na hatia hata kidogo. Na labda lilikuwa nayo. Hakuna aliyeliuliza.

"Sikukupa makapi," mama mkwe alisema, machozi yanateremka na hayafuti. "Ya wateja huwa nawapa wasichana watwange. Yako nilitwanga mwenyewe, kwa mikono hii. Nilidhani ikiwa nzuri sana, labda itatosha kwa wote wawili."

Ukweli ni kwamba nilimwamini. Ndiyo ilikuwa taabu yake.

"Kwa hiyo ni mimi," Mas Narso alisema.

"Hatujui, Mas. Labda wewe, labda mimi, labda wote. Labda hakuna, ni bahati imenuna kweli. Ndiyo maana watu wanapima."

Akaweka kopo la sukari mezani, akaichukua ile glasi ya matope, akaipeleka mdomoni.

"Le! Hiyo ya wanawake!" Bu Tumirah alipiga kelele. "Utaota matiti!"

Hakuacha. Alimeza yote, koo likipanda na kushuka, mpaka mashapo ya chini. Alipoishusha uso wake ulikuwa umejikunja kama tambara lililokamuliwa, na macho yamejaa maji, na sikuweza kujua ni ya dawa au ni yake.

"Ya Allah," alisema. "Hiki ndicho ulichokuwa unakunywa?"

"Hicho ndicho."

"Kila siku?"

"Jumapili huwa anaongeza tangawizi."

Bu Tumirah alifunga kapu lake. Nilimsaidia kulibandika mgongoni, kwa mazoea tu, mikono yangu ikafunga fundo la kitambaa kifuani pake kama nilivyolifunga siku zote. Hakunitazama. Alipofika mlangoni alisimama.

"Nendeni hospitali ya Solo. Hii ya hapa foleni yake imejaa wateja wangu."

Akapiga hatua mbili uani, akasimama tena, ametupa mgongo.

"Hapana. Solo ya nini, mmechelewa vya kutosha. Nendeni ya hapa. Mkiulizwa, semeni nimewatuma mimi."

Chupa zikagongana taratibu hadi kona ya barabara.

Tukabaki wawili. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa dirisha, likaangukia kiatu kimoja cha Laras kilichosahaulika chini ya meza. Mas Narso alikiona wakati nilipokiona. Hakuna aliyekiokota.

"Wening," alisema. "Wakisema ni mimi... utabaki?"

Sauti yake haikuwa ile ya taratibu. Ilikuwa ya yule kijana wa miaka kumi na sita mwenye mashavu ya bluu. Ningeweza kumkumbatia. Nilikuwa na jibu, lipo kwenye ulimi, tamu. Lakini kuna kitu kilichokuwa kimenikaa kooni kwa miaka sita, na si jamu.

"Mas, unajua nimelala mara ngapi kando yako nikilingoja swali hilo ligeuke? Nilingoja useme, hata kama ni wewe, Wening, mimi nipo. Mara moja tu. Nilikuwa najifanya nimelala ili usione aibu kulisema."

Alifumba macho.

"Ulinipa sukari," nikasema. "Neno hukunipa."

"Nilidhani sukari ni neno."

"Ilikuwa karibu. Haikufika."

Mwanaume anayefua shaba alikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, akalia bila sauti, masizi yakichora mistari mashavuni. Nikakaa karibu naye. Bega langu na lake vikagusana, basi.

"Nikisema sasa nimechelewa," alisema.

"Umechelewa."

"Hata kama ni wewe, Wening, mimi nipo."

Ilikuja imechelewa kweli. Niliisikia ikiingia nyumbani kama mgeni aliyefika wageni wengine wameshaondoka, vyombo vimeoshwa. Lakini ilifika, nikaipokea.

"Kesho tunaamka mapema," nikamwambia. "Na usivae lile shati la masizi. Daktari atadhani tumekuja kutibiwa moto."

Aliguna. Katikati ya kilio chake aliguna, nami nikajua kesho atakwenda.

Nikainuka nikachukua lile kopo, nikaingiza mkono. Kilibaki kipande kimoja tu cha sukari. Nilipokitoa kwenye mwanga niliona pembeni alama za meno madogo, mviringo mdogo kama mwezi mchanga. Alikuwa amepanda kiti, ameuma, akasikia nakuja, akakirudisha.

Nilikivunja. Nikachuchumaa mbele ya mume wangu, nikamwekea nusu isiyoumwa kati ya midomo, na kidole changu kikabaki hapo kidogo, kama yeye alivyonifanyia.

Ile nusu yenye meno sikuila. Niliifumbata mkononi hadi ikaanza kuyeyuka.